Chakula cha Watu Watatu

Mama Ndeshi tulimzika wiki mbili zilizopita huko Mbezi, nyuma ya nyumba ya mwanawe mkubwa, kwa ibada ya kanisa lao. Nilikwenda na buibui langu na tasbihi mkononi, na watoto wake wakanishika wakanikalisha safu ya mbele, pamoja na ndugu wa damu. Mchungaji aliposema mwenye neno la kumsemea marehemu ajitokeze, binti yake akanigeukia. Nikasimama kwa mkongojo wangu. Nilikuwa na mengi, maana tulijuana tangu tukiwa wasichana wenye watoto wa kwanza, lakini nikasema moja tu: kwamba huyu mwanamke alinipikia katika mwaka ambao mwili wangu mmoja ulikuwa unalisha watu watatu. Kisha nikakaa. Nyuma yangu kijana mmoja akamnong'oneza mwenziwe, "Bibi anasema nini?" Mwenziwe akajibu, "Mambo ya zamani hayo, we acha tu." Ni ya zamani kweli. Ila katika watu wazima wote waliokula kwenye ua ule wa Temeke nimebaki mimi peke yangu, na nisipoyaeleza nitaondoka nayo. Namshukuru Mungu aliyeniachia kumbukumbu, na macho ya kuandikia.

Miaka ya hamsini ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, Mwingereza bado anatawala, na Temeke ilikuwa nusu mji nusu shamba. Tulipanga chumba katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na ukumbi ulionyooka katikati kutoka barazani mpaka uani. Chumba chetu kilikuwa cha katikati upande wa kulia. Kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la nguo, na dirisha dogo lililoelekea ukuta wa jirani, kwa hiyo mwanga ulioingia ulikuwa wa kuazima. Rajabu, mume wangu, alifanya kazi ya ukuli gatini. Chumba kilichotazamana na chetu alikaa Mama Ndeshi, Mchaga wa Machame, mkewe mwalimu wa shule ya misheni. Chumba cha nyuma, karibu na jiko, alikaa Bi Pili, mama wa watoto wanne, mwanamke mchangamfu ambaye hakuna habari iliyopita mtaani bila kupumzika kwake kwanza. Mimi nilikuwa na sifa moja tu: nilikuwa nimehitimu chuo cha Kurani, na alasiri niliwasomesha wasichana wadogo pale ukumbini. Wanawake wakaniita Mwalimu, nusu kwa heshima, nusu kwa utani.

Vitukuu wangu wakirudi kliniki siku hizi huja wamefundishwa kwamba mama mwenye mimba aongeze mlo, na anayenyonyesha aongeze zaidi. Wale maharage, mayai, dagaa, mboga za majani, matunda. Wananieleza kana kwamba wananifumbua macho, nami huwasikiliza kwa furaha, sababu ni maneno ya kweli na nimeyaishi. Lakini katika ule ua wetu mambo yalikuwa mengine. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Mchana wanaume walipakuliwa kwanza, sinia ikapelekwa barazani na kichwa cha samaki na minofu yake. Sisi tulikula uani kilichobaki, wali na mchuzi, na mwiba wa kufyonza. Hakuna aliyeona kuwa ni dhuluma. Nilipokuwa na mimba ya Saidi, mwanangu wa kwanza, nililishwa makatazo kuliko chakula. Nisile yai, mtoto atazaliwa hana nywele. Nisile maini. Nisile ngisi. Na zaidi ya yote nisishibe, maana mtoto akinenepa tumboni atanishinda kumzaa. Nikatii. Saidi alizaliwa mdogo, mkono wake unaingia katika pete ya vidole viwili, lakini alishika ziwa kwa nguvu, nami nilikuwa kijana, maziwa yakatoka, na mtoto akakua. Alhamdulillahi.

Saidi alipokuwa na miezi kama kumi, ameanza kusimama kwa kushika ukuta, siku moja uani aliinama, akaweka kichwa chini, akachungulia nyuma kati ya miguu yake. Tulikuwa tunachambua mchele. Bi Pili akaacha ungo.

"Lo! Mnamwona? Anamchungulia mwenziwe njiani."

Wanawake wakacheka, maana pwani yote inajulikana kwamba mtoto akichungulia hivyo, mama yake ana mimba nyingine. Nami nikacheka. Kisha nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikahesabu siku zangu, na kicheko kikaniishia. Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Mama Ndeshi. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Ee Yesu wangu. Na huyu bado ananyonya?"

"Ananyonya, usiku na mchana."

"Mama Saidi, nisikufiche. Hata kwetu mlimani hii ni aibu. Watasema hamkuweza kuvumilia."

Msomaji kijana huenda asielewe uzito wa jambo lile, basi nieleze. Mama anayenyonyesha alitakiwa akae mbali na mumewe mpaka mtoto aachishwe. Akipata mimba kabla ya hapo, ilisemwa kwamba amembemenda mtoto: maziwa yake yameharibika, yamekuwa sumu, na kila tone linamdhoofisha yule anayenyonya. Dawa ilikuwa moja. Mtoto aliachishwa siku ileile, ziwa likapakwa shubiri ili limchukize kwa uchungu, naye akapelekwa kwa bibi yake mbali na harufu ya mama. Watoto hao nilikuwa nimewaona. Walivimba miguu, nywele zikageuka rangi ya kutu, nyuso zikawa za kizee, na watu walipopita walitikisa kichwa wakasema, mmeona, kabemendwa huyo. Hakuna aliyeinama kutazama bakuli lake lina nini. Lilikuwa na uji mwepesi wa unga wa muhogo, mara mbili kwa siku.

Habari ilifika bombani kabla yangu. Nilikwenda na ndoo asubuhi, Saidi mgongoni, nikakuta mazungumzo yamekatika.

"Mwalimu, shikamoo," akasema mmoja, rika langu kabisa.

"Sikudai shikamoo," nikamjibu.

"Nakupa tu. Mtu kahitimu chuo kizima, kumbe kuhesabu miezi hakufundishwa!"

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga maji yake. Nilijaza ndoo nikaondoka wima. Sikuwa na hasira nao sana. Kilichoniogopesha si maneno yao, ni mtu ambaye nilijua atayasikia na kuja.

Alikuja Ijumaa ya wiki ile ile, adhuhuri haijaadhiniwa. Bi Mwavita, mavyaa wangu, mama mzaa Rajabu, alitoka Kimbiji kwa miguu jana yake, akalala njiani, akavuka Kigamboni, akafika kwetu na kikapu kichwani na shubiri imefungwa kwenye pindo la khanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Rajabu alimwamkia, akabeba kikapu mpaka chumbani, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana mtu wa kuonana naye barazani. Nikabaki naye, Saidi kati yetu mkekani.

Kulikuwa na adabu moja ambayo wote wawili tuliishika. Mambo ya kitandani mkwe hayazungumzi na mavyaa wake, uso kwa uso. Kwa kawaida yangepita kwa somo wangu, yule mama aliyenifunda nilipovunja ungo, lakini somo wangu alikuwa Bagamoyo. Basi tukafanya wafanyavyo wanawake wa pwani wanapobanwa: tukazungumza na mtoto.

"Saidi," akasema Bi Mwavita, akimpakata, "mwambie mama yako nimekuja kukuchukua. Kesho tunaondoka. Kimbiji kuna uji, kuna upepo, na bibi yako hana mimba."

"Saidi," nikasema, "mwambie bibi shikamoo yake tena, na umwambie unamshukuru kwa safari. Ila wewe bado unanyonya."

"Unanyonya sumu. Mwambie mama yako mie nimezika watoto wa watu kwa sumu hiyo, siongei kwa kusikia. Kashindwa kungoja, haya, yamepita. Lakini wewe usilipie."

Mashavu yaliniwaka. Saidi alikuwa anavuta pindo la khanga yake, lile lenye shubiri, analitia mdomoni, na bibi akalichomoa upesi. Nikajua kwamba nisiposema wakati huo, asubuhi mtoto atakuwa mgongoni kwake na ziwa langu litakuwa chungu. Nilikuwa na neno moja, nililolisikia chuoni alasiri moja, mwalimu akiwasomesha watu wazima, sisi wasichana tumekaa nyuma ya pazia tukijifanya hatusikii.

"Saidi," nikasema, "mwambie bibi yako kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikusudia kulikataza jambo hilo, la mama anayenyonyesha kurudia kuwa mke wa mumewe. Kisha akaangalia Warumi na Wafursi wa Uajemi, akaona wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki. Akaacha kukataza."

Bi Mwavita akamsimamisha Saidi mapajani. Uani ungo wa Bi Pili ulinyamaza, ndipo nilipojua tuna wasikilizaji.

"Saidi, huyu mama yako anamsingizia Mtume?"

"La, bibi," nikamjibia mtoto. "Na akaulizwe shehe."

"Shehe siwezi kumuuliza upuuzi huu, mwanamume yule. Nitamuuliza mkewe, msomi kama yeye." Akasimama, akamweka mtoto chini. "Na nikikuta ni uongo, siingoji hiyo kesho."

Kutoka kwetu mpaka kwa shehe ni mwendo mfupi, lakini alikawia. Adhuhuri ilipita. Mama Ndeshi alikuja akakaa mlangoni kwangu na bakuli la kunde, akawa anabangua, na kila alipomaliza ganda alilitazama kama lina habari. Mimi nilinyonyesha. Niliwaza kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho. Nilisoma kila dua niliyokuwa naijua, na nikasoma tena.

Bi Mwavita alirudi alasiri. Uso wake ulikuwa umebadilika kwa namna ambayo sikuielewa, macho mekundu, vumbi kwenye khanga upande mmoja. Aliingia, akakaa, akamchukua Saidi mapajani, akamgeuza huku na huku kama anayenunua.

"Saidi," akasema polepole, "mwambie mama yako amesema kweli. Mke wa shehe kaniletea na kitabu. Sasa mimi nauliza. Hao Warumi na hao Wafursi, wanawake wao, walikuwa wanakula nini?"

Darsa haikufika huko.

"Kwa sababu watoto hawadhuriki hivihivi kwa upepo," akaendelea. "Yuko wa tumboni anakula. Wewe juu unakula. Na mama yako naye mtu. Hao ni watatu. Mwambie anyooshe mkono."

Nikanyoosha. Akabonyeza kucha zangu moja moja, akanivuta kope ya chini kwa kidole gumba, akasonya.

"Nyeupe kama chokaa. Muulize tangu asubuhi kala nini."

"Chai," nikasema. "Na muhogo. Nusu."

"Na hiki?" Alikuwa ameinua kona ya godoro, na pale palikuwa na vipande vya udongo wa ukutani nilivyokuwa navitafuna kila siku, maana mimba ile ilinipa uchu wa udongo usioelezeka. "Saidi, umeona? Mama yako anakula nyumba ya watu!"

Mama Ndeshi alipasuka kicheko mlangoni, kunde zikamwagika, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Bi Mwavita hakucheka. Aliifungua shubiri kwenye pindo, akaiweka juu ya sanduku la nguo, mahali ambapo wote tutaiona.

"Nitakaa," akasema. "Mwezi uandame mara mbili. Mtoto akinenepa au akibaki hivi, namwacha kwa mama yake. Akipungua, hata kidogo, shubiri ile pale na njia ya Kimbiji ile pale. Mwambie."

Hivyo ndivyo mwaka wangu ulivyogeuka. Mtu aliyekuja kuniondolea mtoto ndiye aliyehamia jikoni kwangu. Siku hizi husikia watu wakibishana, dini upande mmoja na chakula cha mwili upande wa pili, mimi huwa sielewi wanabishana nini. Neno la chuoni lilimbakisha mwanangu kifuani. Lakini neno halina damu, na mtoto alihitaji damu. Bi Mwavita aliyachukua yote mawili kwa pamoja, kama mwanamke anayebeba ndoo na mtoto, bila kuhutubia.

Vita vya kwanza vilikuwa vya sahani. Siku ya pili, samaki alipoiva, alinipakulia mimi kwanza, minofu ya mgongo, mchuzi mzito wa nazi, na lundo la mchicha. Sinia ya barazani ikapelekewa kilichobaki. Rajabu alikuja mpaka mlango wa uani na mwenziwe mmoja nyuma yake.

"Mama, leo samaki hana kichwa wala mwili?"

"Anao. Mwili uko kwa mwenye kazi."

"Nami natoka kazini, mama. Nimebeba magunia tangu alfajiri."

"Wewe unabeba magunia ukifika jioni unayatua. Huyu mzigo wake anautua lini?" Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza bila kumpitia mtoto. "Mwalimu, mwambie mumeo. Dini inasemaje?"

Nikamwambia mume wangu, kwa sauti ya chini na ya heshima, kwamba chakula cha mama anayenyonyesha ni haki iliyowekwa juu ya baba wa mtoto, kwa wema na kwa kadiri ya uwezo wake. Rajabu alikuwa mcha Mungu. Alisimama kidogo, akamtazama mwenziwe, akamtazama Saidi. "Basi kesho nitapitia feri nilete samaki wawili," akasema. Na alileta. Si kila siku, maana hatukuwa watu wa uwezo, lakini siku asizoleta samaki alileta dagaa, na siku asizoleta dagaa Bi Mwavita alipika kunde au choroko kwa nazi, na kisamvu kilichotwangwa mpaka kikawa laini, na matembele aliyoyapanda mwenyewe kando ya maji machafu ya kuogea. Papai halikukosekana. Kila nikikaa kunyonyesha alinisimamia na kikombe cha maji au uji wa ulezi, akingoja nimalize kama anayemnywesha mtoto dawa.

Kuhusu mayai palitokea kelele. Bi Mwavita mwenyewe hakuwahi kula yai akiwa na mimba, na alipoletewa na Mama Ndeshi aliyashika kwa ncha za vidole.

"Mtoto si atazaliwa kipara?"

"Mama," akasema Mama Ndeshi, "mimi Ndeshi nimembeba nikila mayai ya nyumba nzima. Tazama kichwa chake."

Ndeshi alikuwa anapita uani na nywele zilizojaa kama kichaka. Bi Mwavita alizitazama kwa muda mrefu. "Chemsha," akasema.

Naye Mama Ndeshi alikuwa na lake. Kwao mzazi hulishwa mtori, ndizi zilizochemshwa na nyama zikapondwa pamoja mpaka ziwe kama uji mzito, na ndizi alizipata kwa watu wa nyumbani kwao waliokuja na malori. Mara ya kwanza alipoleta bakuli, alisimama nalo mlangoni akisema haraka, "Nyama ni ya bucha la Waislamu, mama, usitie shaka." Bi Mwavita akanusa.

"Chakula cha kibogoyo hiki." Akaonja kwa ncha ya kijiko. Akaonja tena. "Hebu tuone kama kina chumvi," akasema, akaonja mara ya tatu, na bakuli liliponifikia lilikuwa nusu. Toka siku hiyo Mama Ndeshi alipika la watu wawili.

Nilipata nguvu. Kizunguzungu kilipungua, kisha kikaacha, na uchu wa udongo ukanitoka bila kuniaga. Lakini kabla mwezi haujaandama mara ya pili, Saidi alianza kuharisha. Asubuhi moja aliamka ana joto, macho yameingia ndani, na mpaka jua linapanda alikuwa hana nguvu ya kukaa. Bi Pili alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mie sisemi kitu," akasema. "Lakini nilisema."

Bi Mwavita akaenda kwenye sanduku la nguo, akaichukua shubiri. Akailoweka katika kifuu cha maji, akaja akapiga magoti mbele yangu. Sikumzuia. Nilikuwa nimekubali sharti. Nilimshikilia tu mtoto, nikasema kimoyomoyo kwamba Mungu anajua nilichokitaka.

Mama Ndeshi ndiye aliyesema, kutoka ukumbini, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Bi Pili, na wako yule wa miaka mitatu, ameamkaje?"

"Anaharisha toka jana. Na yule wa juu yake."

"Nao wamebemendwa?"

Bi Pili akaitoa mikono kiunoni. "Labda ni maji," akasema. "Bomba lilikuwa linatoa matope juzi."

Bi Mwavita akakirudisha kifuu chini. "Nyonyesha," akaniambia. "Nyonyesha, usimwachie nafasi." Nikanyonyesha mchana kutwa, kila alipofumbua macho, na wao wawili wakanilisha mimi uji, mchuzi, maji yaliyochemshwa, kama watu wanaomimina kisimani kwa juu ili yachotwe chini. Siku iliyofuata alilia kwa nguvu, na sijasikia sauti tamu kama ile. Mwezi ulipoandama mara ya pili Saidi alitembea kutoka mlango wetu mpaka mlango wa Mama Ndeshi, tumbo mbele, akaanguka, akainuka. Bi Mwavita alimwinua, akampima kwa mikono yake miwili, akamrudisha chini. Shubiri akaitupa chooni. Hakusema lolote, na hakuondoka. Alibaki mpaka nikajifungua.

Asha alizaliwa mkubwa, mwenye mashavu na nywele hadi shingoni. Nilimzaa kwa urahisi kuliko nilivyomzaa kaka yake, jambo lililowaduwaza wote walioniambia nisishibe. Sisemi kila mwanamke na afanye kama mimi. Wapo ambao mkunga huwashauri waache kunyonyesha, kwa sababu za miili yao, na wamsikilize. Nasema tu kwamba kabla hamjamwondoa mtoto kwa mama yake, mtazameni mama ana nini kwenye sahani. Baada ya kujifungua nilikula zaidi ya kabla: supu ya pweza, uji wa pilipili manga, mtori, maharage, na nilinyonyesha wote wawili, Asha kwanza, Saidi baadaye, mpaka akatimiza miaka yake miwili akaacha mwenyewe. Bi Pili aliwaleta wanawake wa bombani kuwatazama, akawaeleza mambo yote kana kwamba ndiye aliyeyapanga.

Arobaini ilipotimia Bi Mwavita alifunga kikapu chake. Ilikuwa asubuhi, Rajabu ameshakwenda gatini, ua mtulivu. Alikaa kizingitini na Saidi mapajani, anamlisha yai la kuchemsha vipande vipande. Nikamletea chai. Hakuinywa.

"Kabla ya Rajabu," akasema, "nilikuwa na mwingine. Mrisho."

Nilikuwa nimeolewa katika familia ile miaka mitatu, na jina hilo sikuwahi kulisikia.

"Nilipata mimba ya Rajabu yeye bado ananyonya. Mavyaa wangu akaja na shubiri, kama nilivyokuja mimi. Nikatii. Akampeleka kwake. Alikuwa mnene kuliko huyu. Aliishi mpaka mvua za vuli." Akampa Saidi kipande kingine. "Miaka yote nikajua nimemuua kwa maziwa yangu. Basi siku ile, nilipotoka kwa mke wa shehe, miguu ilikataa. Nikakaa kwenye ngazi ya duka la Mhindi, watu wananipita. Nikasema, nikiyakubali maneno ya msichana huyu, basi maziwa yangu yalikuwa mazuri, na mwanangu alikufa kwa njaa, nami nipo. Nikiyakataa, nitalala vizuri, na nitamchukua mtoto wake."

Mimi niliyehitimu chuo nilitafuta neno, na chuo kizima hakikuwa nalo. Nikamwambia lililokuwepo.

"Hukujua, mama."

"Sikujua," akasema. Akajifuta uso kwa pindo la khanga, lile lile lisilo na kitu sasa. "Wewe huwaombea watu dua. Muombee na yeye. Hajaombewa na mtu kwa jina lake."

Nikamlaza Asha mkekani, nikakaa mbele yake, nikainua mikono, nikamtaja Mrisho kwa jina lake na la mama yake. Bi Mwavita akaitikia amina kwa ile sauti yake ya ng'ambo, na Saidi, mdomo umejaa yai, akaitikia naye.